Kununua mashua kuukuu Mtwara na Lindi: mkuku kwanza, rangi mwisho

Muuzaji wa mashua atakuonyesha ubavu uliopakwa rangi juzi na tanga jeupe lililokunjwa vizuri, halafu atakuambia jina la chombo na samaki kilichowahi kuleta. Rangi na tanga vinauzwa dukani. Mkuku (uti wa chini wa chombo), fashini (miti inayosimama kwenye ncha za mkuku, mbele na nyuma) na mataruma (mbavu za ndani) haviuzwi dukani, na hivyo ndivyo unavyovitolea fedha. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na vile ambavyo kuvibadilisha ni sawa na kujenga chombo upya, na kumalizia na vile unavyoweza kuvirekebisha kwa asubuhi moja.

Nazungumzia mashua ya mbao ya tanga moja, urefu wa mita tano hadi saba, ambayo watu wa kutosha wanaweza kuipandisha kwenye Fuso Mikindani ikashushwa Kilwa Masoko au Dar es Salaam. Dau lenye ncha mbele na nyuma hukaguliwa hivyohivyo. Ngalawa ni habari nyingine, kwa kuwa ule ni mtumbwi wa gogo. Kwake tazama nyufa za gogo na uimara wa matengo, zile mbao za pembeni zinazoizuia isipinduke.

Chagua siku na mtu wa kwenda naye

Nenda wakati wa bamvua, siku moja au mbili baada ya mwezi mwandamo au mwezi mpevu. Siku hizo maji ya pwani yetu hujaa sana kama saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na hukupwa kabisa kama saa nne asubuhi. Tofauti kati ya kujaa na kupwa hufika mita tatu na zaidi. Mashua iliyokuwa inaelea alfajiri katika ghuba ya Mikindani, ikifika saa nne imekaa juu ya mchanga tumbo wazi, na hujamlipa mtu yeyote kuivuta. Ukienda siku za maji mafu, yasiyojaa wala kukupwa sana, utakagua nusu ya juu tu, na nusu ya juu ndiyo iliyopakwa rangi. Muuzaji akisisitiza uje jioni maji yakiwa yamejaa, mshukuru na umwambie utakuja asubuhi.

Nenda na fundi, lakini asiwe aliyeijenga wala aliyeikalafati (kuziba mapengo ya mbao kwa pamba) mara ya mwisho. Mafundi wa kijiji kimoja wanajuana na wengi ni ndugu, na hakuna atakayemharibia mwenzake biashara mbele ya mgeni. Kama mashua iko Msangamkuu, mtoe fundi Mikindani au Sudi. Kama iko Lindi mjini, mtoe Mchinga. Mlipe posho ya siku nzima, na mwambie mapema kwamba utamlipa ununue usinunue. Fundi anayengoja kamisheni ya mauzo ni dalali aliyebeba nyundo.

Beba kisu chembamba chenye ncha, nyundo ndogo, tochi, uzi mrefu wa mshipi, futi ya chuma, chaki, ndoo ya lita 20 na spoki ya baiskeli iliyonyooka. Spoki nitaeleza kazi yake hapo chini.

Kabla ya kugusa chochote, mwombe mwenye chombo ruhusa kwa heshima: "Shikamoo mzee. Kwa ruhusa yako tutachokoachokoa mbao kidogo, tusije tukakuharibia rangi." Wengi watakubali, na wengine watakuonyesha wenyewe pale penye ubovu. Anayekataa kisu kisiguse mkuku wa chombo anachokuuzia amekupa jibu, unaweza kurudi nyumbani kabla jua halijawa kali.

Itazame kwa mbali

Simama nyuma ya mashua, hatua kadhaa, uchuchumae macho yawe sawa na ubao wa nyuma. Fashini ya mbele isimame wima katikati ya ubao huo. Ikilalia upande mmoja, chombo kimejipinda, na mashua iliyojipinda itavuta upande mmoja siku zote, hata akiishika nahodha hodari.

Kisha funga uzi wa mshipi kwenye mkuku, kutoka penye fashini ya mbele hadi nyuma, uuvute ukakamae ubavuni mwa mkuku. Mafundi wengine hujenga mkuku wenye mzingo mdogo, katikati pamezama kidogo kuliko kwenye ncha. Huo si ubaya. Ubaya ni kinyume chake: katikati pameinuka na ncha zimelegea chini. Hutokea kwa chombo kilichokalishwa miaka mingi juu ya tuta la mchanga au jiwe kila maji yakikupwa. Ukiinuka kwa unene wa kidole, unaweza kuendelea na ukaguzi. Ukiona ngumi inapita, usiendelee, kwa sababu kila ubao na kila msumari umeshahama mahali pake na hakuna kalafati itakayokaa.

Mkuku na mdudu wake

Hapa tumia muda mrefu kuliko mahali pengine pote.

Bahari yetu ina mdudu anayekula mbao. Umbo lake ni la mnyoo, lakini kwa ukoo ni jamaa ya chaza: kichwani ana magamba mawili madogo, na hayo ndiyo anayosagia mbao. Huingia akiwa mdogo mno, kwa hiyo tundu lake la nje halizidi kichwa cha pini. Akishaingia hugeuka, hufuata urefu wa ubao, hukua huku akitoboa, na hatoki tena. Njia yake ya ndani yaweza kufika unene wa kidole wakati nje bado kuna kitundu kimoja usichokiona bila tochi. Mkuku unaweza kuonekana mzima kwa macho na ndani umebaki sega. Vyombo vinavyolala karibu na mikoko viko hatarini zaidi, maana mbao za mikoko iliyokufa ndizo chakula cha mdudu huyu siku zote.

Dawa ya wazee inajulikana pwani nzima: chombo kinapandishwa, makuti makavu yanawashwa chini ya tumbo ili moto uue kilichomo, kisha linapakwa deheni ya chokaa na shahamu. Kwa hiyo swali la kwanza kwa muuzaji lisiwe la bei. Muulize: "Mara ya mwisho mmeichoma moto lini, na deheni mmepaka lini?" Anayetunza chombo atajibu papo hapo, kwa mwezi na kwa bamvua. Anayeanza kuhesabu kwa vidole, au anayekuambia chombo chake hakina haja hiyo, andika jibu lake kwenye daftari.

Sasa anza kugonga. Gonga mkuku kwa nyundo ndogo, taratibu, kila shubiri moja, kutoka mbele hadi nyuma. Mbao nzima hutoa sauti kavu na nyundo hurudi mkononi. Mbao iliyoliwa au iliyooza hutoa sauti nzito na nyundo haidundi. Kila sauti inapobadilika piga alama ya chaki. Ukimaliza rudi kwenye alama zako, kwangua rangi na deheni, umulike tochi ukitafuta vitundu. Hapo ndipo spoki inapofanya kazi: iingize kwenye kitundu bila kutumia nguvu. Ikiingia nusu ya ukucha ikagota, ni jeraha la juujuu. Ikizama kama vile hakuna kitu, pima imeingia kiasi gani, kisha ingiza kwenye kitundu cha jirani. Vitundu viwili vitatu mahali pamoja, karibu na ncha ya nyuma, fundi anaweza kukata kipande na kuunga kingine. Vitundu vilivyotawanyika urefu wote wa mkuku maana yake unanunua tanga na kuni.

Usisahau sehemu ya chini kabisa. Mkuku unapoburutwa mchangani deheni yake hukwanguka, na palipokwanguka ndipo mdudu anapoingilia. Chimba mchanga kwa mikono mahali pawili patatu upeleke kisu mpaka chini.

Viungo vya mkuku na fashini vinahitaji macho ya fundi. Mmoja ashike fashini ya mbele aitikise kwa nguvu ya kifua, mwingine aweke kidole kwenye kiungo. Kidole kikihisi mchezo, boliti au misumari ya pale imekwisha. Tazama pia kama kuna maji ya rangi ya kutu yanayotiririka kutoka kwenye kiungo baada ya bahari kukupwa. Hayo yametoka kwenye chuma kinacholiwa ndani, mahali usipoona.

Mwaga maji ndani, uzunguke nje

Hili ni jaribio rahisi kuliko yote na watu wachache hulifanya. Mashua ikiwa imekaa mchangani, chota maji ya bahari, mwaga ndoo nne au tano ndani, kisha zunguka nje na chaki yako. Maji yanapotokea sasa ndipo yatakapoingilia mkiwa baharini. Palipolowa tu na hapadondoshi, panataka kalafati ya kawaida tu. Panapodondosha, weka alama moja. Panapochuruzika, weka alama mbili, halafu uingie ndani uone ubao upi na taruma lipi liko hapo. Ukimaliza utakuwa na ramani ya ubovu wa chombo imechorwa kwenye chombo chenyewe, na mazungumzo ya bei yatakuwa mepesi sana.

Mbao, misumari na mataruma

Uliza mbao ni ya mti gani, kisha mwachie fundi akuthibitishie kwa kukwangua. Huku Kusini utakuta mninga, mkongo, mvule na mwembe. Mwembe ni rahisi na mpana, ila huoza mapema. Mashua ya mwembe ya miaka kadhaa isilinganishwe bei na ya mninga ya umri huohuo. Mara nyingi utakuta mchanganyiko: chini mbao nzuri, juu mwembe. Huo si wizi, ndivyo watu wanavyojenga kwa kadiri ya mfuko. Kinyume chake ndicho cha kukukimbiza, mwembe ukiwa chini ya maji.

Kalafati itazame kwa upana wa mfereji kati ya ubao na ubao. Pamba inayokaa kwenye mfereji mwembamba ni kalafati. Mfereji unaoingia kidole umeshakalafatiwa mara nyingi mno na kingo za mbao zimelika, kila fundi ajaye ataongeza pamba na kila mwaka utapanuka. Ukiona lami, saruji au bati lililopigiliwa, omba libanduliwe. Bati lililopigwa baharini kuokoa safari ni jambo la kawaida. Bati lililokaa mpaka limepakwa rangi ya chombo linaficha kitu. Vilevile jihadhari na mifereji iliyoshindiliwa grisi na unga wa mbao: hiyo huzuia maji siku ya mnunuzi.

Misumari ya chuma ikianza kuliwa na kutu, mbao inayoizunguka nayo hulainika. Utaona duara jeusi au la kahawia kuzunguka kichwa cha msumari, wakati mwingine mstari unaoteremka. Chagua vichwa kadhaa sehemu tofauti, kwangua kilichojazwa juu yake, uchokoe kwa ncha ya kisu. Kichwa kikikatika kama biskuti, jua mwili wake umebaki uzi. Angalia pia idadi: mahali pa misumari miwili ukikuta minne, ubao umelegea ukapigiliwa upya bila kuondoa mibovu, na mbao iliyotobolewa hivyo huchanika. Misumari ya kuezekea iliyopigwa ubavuni inakwambia kila kitu kuhusu aliyeitengeneza.

Mataruma yakaguliwe kwa kufuata nyuzi za mti. Taruma zuri limetokana na tawi lililopinda lenyewe, nyuzi zikafuata mpindo. Mlilana na jamii nyingine za mikoko hupendwa kwa sababu hiyo. Taruma lililokatwa kwenye ubao mnyoofu hupasuka penye kona, kwa hiyo pitisha kidole kwenye kona ya kila moja. Moja au mawili yaliyopasuka si msiba. Matatu yanayofuatana upande mmoja, chombo kiligonga mwamba. Na usifikiri utaingia tu mikokoni ukakate mengine: mikoko ni msitu wa hifadhi, kuvuna kunataka kibali cha TFS, wakala wa serikali wa misitu, na gharama hiyo iingie kwenye hesabu yako.

Ndani: maji ya mvua ni mabaya kuliko ya bahari

Watu wengi huogopa maji ya chumvi, kumbe chumvi huzuia kuoza. Kinachoozesha mbao ni ukungu, na ukungu hupenda maji baridi ya mvua yaliyotuama mahali pasipopita upepo. Mvua zetu za Mtwara na Lindi huanza Novemba au Desemba zikaenda mpaka Aprili au Mei. Mashua iliyovutwa pwani ikaachwa wazi msimu mzima, ikajaa maji ya mvua kwenye ngama (chini kabisa ndani ya chombo), ina hali mbaya kuliko mwenzake aliyekuwa anavua kila siku. Uliza mvua za mwaka huu ililala wapi, ilifunikwa na kitu gani, na nani alikuwa akifua maji, yaani kuyachota na kuyamwaga nje. Kama ilikuwa Kilwa au Lindi wakati wa Kimbunga Hidaya Mei 2024, uliza pia ilifungwa wapi siku hizo.

Ingia na tochi, ulale kifudifudi. Chokoa miguu ya mataruma inapokutana na mkuku, chini ya sakafu ndogo ya mbele, na pale mlingoti unapokaa juu ya mkuku. Sehemu hizo tatu ndizo maji ya mvua hutuama. Kisu kisizame. Tumia na pua: harufu ya samaki na ya sifa (mafuta ya samaki yanayopakwa chombo) ni harufu ya kazi, lakini harufu ya uyoga, ya chumba kilichofungwa, inatoka kwenye mbao inayooza.

Ikiwa ni ya faiba

Siku hizi utakuta na boti za faiba zenye mlingoti, nyingine zimeachwa na wageni pamoja na trela. Mdudu hazili, lakini zina maradhi yake. Gonga mwili wote kwa sarafu: sauti ikibadilika kutoka kali kuwa butu, tabaka za ndani zimeachana. Kanyaga sakafu kwa kisigino, ikibonyea mbao iliyomo katikati imeoza. Malengelenge chini ya mstari wa maji yatoboe moja. Likitoa majimaji yenye harufu kali, maji yameingia ndani ya faiba. Tazama nyufa zinazotawanyika kuanzia mguu wa mlingoti na penye bawaba za usukani. Kwenye trela, inua kila gurudumu na ulizungushe, maana trela inayozamishwa maji ya chumvi kila siku huua beringi zake kwanza, halafu chesisi huliwa kutokea ndani ya vyuma. Muulize fundi wa eneo kama anajua kuziba faiba kabla hujafikiria bei.

Mlingoti, tanga, kamba, usukani

Haya ni ya haraka. Mlingoti uvuliwe ulazwe chini, kwa sababu unapoozea ni pale unapobanwa na ubao wa kukingama, pasipoonekana ukiwa umesimama. Ufa unaofuata urefu wa mti ni wa kawaida. Ufa wa kukata, hata mwembamba, ni mlingoti mpya. Foromali, ule mti unaobeba tanga, iangalie katikati, inapofungwa henza, kamba ya kulipandishia.

Tanga huuawa na jua kuliko upepo. Kamata kitambaa kwa mikono miwili, uvute kwa ghafla karibu na kingo na karibu na mshono. Likichanika au likitoa vumbi, bei ya tanga ni sifuri, hata kama ni jeupe. La viroba vilivyoshonwa lisikuudhi kama linavuta, ila hesabu utashona jingine. Kamba ya henza ikunjue nyuzi uone ndani. Kapi zizunguke bila kukwama.

Usukani utikise juu na chini. Mchezo mdogo kwenye bawaba hauna neno, lakini bawaba iliyoliwa mpaka imekuwa nyembamba itakatika siku ya kusi (upepo mkali wa kusini), si siku ya maji matulivu. Kana, mti wa kushikia usukani, ikae ngumu kwenye kichwa cha usukani.

Iweke majini, uitoe nje

Mashua iliyokaa pwani wiki kadhaa itavuja ikirudi majini, hata ikiwa mpya. Mbao zimekauka zikasinyaa, zinahitaji kunywa maji zivimbe. Usiihukumu kwa siku ya kwanza. Ifungwe nanga kwenye maji yasiyokauka usiku, kwa kuwa saa nne usiku bahari nayo hukupwa, na chombo kilichokaa mchangani hakivuji. Fua maji yote magharibi, kisha alfajiri uhesabu ndoo zilizoingia. Rudia usiku wa pili. Zikipungua kwa nusu au zaidi, mbao zinavimba na kalafati inashika. Zikibaki zilezile au zikiongezeka, maji yanapita kwenye tundu la msumari au la mdudu, na hapo hapavimbi. Kwangu mimi mashua ya ukubwa huu ikiingiza ndoo moja au mbili kwa usiku, naihesabu ni nzima. Muuzaji asiyeweza kukungoja siku mbili ana haraka ya nini?

Safari ya majaribio ifanyeni alasiri, upepo ukishakaza. Nahodha wa chombo ashike usukani kwanza, wewe na fundi kaeni chini, viganja juu ya mataruma. Mwambie aende joshi (karibu na upepo), kisha abishe (ageuze upande dhidi ya upepo) mara kadhaa, ili ubavu wa kulia na wa kushoto wote upate mzigo. Chombo cha mbao kitalia, na kilio si kosa. Kosa ni ubao unaosogea juu ya taruma: utauhisi kwa kiganja kabla hujauona, au utaona mstari wa maji unafunguka na kufunga kila wimbi likipita. Baada ya hapo shika kana mwenyewe. Ikiwa inakuvuta upande mmoja ukibisha kulia na upande uleule ukibisha kushoto, kumbuka fashini uliyoitazama asubuhi. Mkirudi, pima tena maji ya ngama. Kilichoongezeka kwa saa moja ya kubisha ndicho utakachokuwa unafua kila siku ya kazi.

Mwenyewe nani?

Anayeendesha mashua si lazima awe mwenye mashua. Chombo chaweza kuwa cha tajiri aliyeko Dar, na nahodha amekishika miaka mpaka kijiji kizima kinamwita mwenyewe. Au ni cha marehemu baba, na mmoja wa watoto anauza huku wenzake hawajui. Mirathi ya chombo huamka siku tanga jipya linapoonekana. Kwa hiyo fika kwa mwenyekiti wa BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia uvuvi wa mwalo huo, na kwa mtendaji wa kijiji au mtaa, uliza chombo hiki ni cha nani na kama kina deni. Uliza pia, bila kuzunguka, kama kiliwahi kukamatwa kwa baruti au nyavu haramu, kwa sababu chombo kilicho kwenye kesi ni kielelezo cha ushahidi, hata kama kinaelea mbele yako.

Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inataka chombo cha uvuvi kiwe na usajili na leseni. Linganisha namba zilizoandikwa ubavuni na zile za kwenye cheti, kisha nenda navyo kwa afisa uvuvi wa halmashauri aone daftari lake na akuelekeze kubadili jina. Ukitaka kubeba abiria au watalii, hiyo ni kazi nyingine kabisa: utahitaji ukaguzi wa usalama wa TASAC, shirika la serikali la masuala ya meli, na mashua nzuri ya uvuvi inaweza isifae. Ukinunua Msimbati ukakusudia kuvulia hukohuko, kumbuka uko ndani ya hifadhi ya bahari ya Ghuba ya Mnazi na maingilio ya Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, yenye masharti yake.

Mkataba uandikwe, hata kwa mkono. Majina kamili, namba ya chombo, urefu, vitu vinavyoandamana nacho kimoja kimoja: tanga, foromali, nanga na kamba yake, makasia, ndoo ya kufulia. Nyavu ziandikwe kama zimo au hazimo. Mashahidi wawili kila upande, na warithi wote wasaini kama ni mali ya marehemu. Malipo yapite kwenye simu au benki ili yaache alama.

Bei

Sina bei ya kukupa, hubadilika kwa msimu na kwa mwalo. Wakati kusi imekaza, kuanzia Juni hadi Agosti, vyombo vidogo hukaa pwani na wenye navyo husikia gharama kuliko faida, kwa hiyo mazungumzo huwa laini. Njia ya kuhesabu ni hii: mwambie fundi akutajie gharama ya mashua mpya ya ukubwa huo kwa mbao hiyohiyo. Toa gharama ya kila alama ya chaki, mbao na ujira pamoja, toa tanga kama limekufa, toa usafiri. Kinachobaki ndicho cha kujadiliana na muuzaji, kwa kadiri unavyouamini mkuku. Ukiwa na shaka na mkuku, usitafute punguzo, tafuta mashua nyingine.

Kuipakia na kuipeleka

Mtwara hadi Lindi ni kama kilomita mia moja, na hadi Dar es Salaam ni zaidi ya mia tano na hamsini. Jua la safari hiyo linaweza kufungua kalafati yote uliyoikagua. Pima bodi ya gari kabla hujalipa gari. Ipakieni maji yakijaa, au kwa magogo ya kuviringisha, na watu washike chini ya mkuku na sio kingo za juu. Uzito wote ukalie mkuku, juu ya matairi makuukuu au magunia ya mchanga sehemu tatu, mbele, katikati na nyuma. Ubavu uegemezwe kwa magunia laini, usibebe kitu. Kamba zivutwe kiasi cha kuzuia kuruka tu, maana kamba iliyokazwa kupita kiasi huvunja taruma kwenye tuta la kwanza. Mlingoti ulazwe pembeni, na unapotokeza nje ya gari ufungwe kitambaa chekundu. Funika mashua yote kwa magunia yaliyoloweshwa na dereva ayamwagie maji kila mnaposimama. Mkataba na cheti viwe kwa aliyepanda gari, visibaki kwako nyuma.

Ikishuka, usipake rangi. Iweke kwenye maji madogo, iache ijae hadi mbao zinywe kwa siku mbili, ndipo uitoe maji na umwite fundi aangalie palipobaki panavuja.